Woga wa munganga wa meno unaanzia ku nyumba

Ile siku nilipeleka binti yangu kwa munganga wa meno, alikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, macho mekundu. Mutoto alitembea vizuri mupaka ku mulango. Pale akasikia mutoto mwingine analia ndani. Akashika mukono wangu: «Papa, turudie. Jino haliniumi tena.»

Lilikuwa linamuuma sana. Shavu lilikuwa limevimba, na juma mbili hatukulala nyumbani. Ndani alifunga kinywa kabisa. Watu wakubwa watatu, na mimi nilikuwa mumoja wao, tulimushika mikono na miguu. Jino lilitoka. Lakini mwaka muzima, kila akiona mutu wa koti jeupe, alikuwa anajificha nyuma ya mama yake.

Ndugu zangu wa kazi, mimi ni delege wa sendika. Kazi yangu ni kuuliza: kosa ni la nani? Siku ile nilitaka kulaumu munganga. Lakini nilipofikiri vizuri, niliona mambo matatu ya kwangu mwenyewe.

La kwanza ni maneno. Kila mara mutoto alipokula bomboni, nilikuwa ninamuambia: «Endelea tu, munganga atakutosha meno yote na pense.» Ku kartiye wazazi wengi tunasemaka vile. Munganga tunamugeuza askari wa kuogopesha watoto, kisha tunashangaa wanamukimbia.

La pili ni hadithi yangu. Nilipokuwa kijana nilitoshwa jino ku dispanseri moja, na sindano ya ganzi, ile ya kulalisha jino, ilikuwa haijashika. Nimesimulia ile hadithi mara mingi ku meza, watu wakicheka. Mutoto alikuwa pale, anasikiliza, na yeye hakucheka.

La tatu ni kungoja. Tundu la jino tuliliona likiwa dogo. Tulisema tungoje mushahara. Mushahara ulikuja, ukaenda ku unga na ku minerval ya masomo. Basi mutoto alionana na munganga mara ya kwanza akiwa na maumivu makali.

Mwanasaikolojia Stanley Rachman aliandika mwaka 1977 kwamba woga unaingia mu mutu kwa njia tatu: mambo yaliyomupata mwenyewe, mambo anaona kwa wengine, na maneno anaambiwa. Binti yangu alipata zote tatu. Maneno nilimupa mimi. Woga wa kuona kwa wengine aliupata kwangu pia, mbele ya kufika ku ule mulango.

Na huu woga si mambo ya kitoto tu. Mutoto mwenye kuogopa haendi, tundu linakua, jino linaoza mupaka linavimba. Jino likivimba, ganzi haishiki vizuri. Basi anaumia kweli, na woga unazidi. Akiwa mukubwa atapitisha ile hadithi kwa watoto wake.

Wengine watasema: ni meno ya utoto, yataanguka tu. Meno ya utoto ni 20, na magego yake yanakaa mupaka karibu miaka kumi ao kumi na mbili. Tena, kufika miaka sita, gego la kwanza la ukubwa linaota nyuma ya yale mengine, bila jino lolote kuanguka. Wazazi wengi hawajui. Wanafikiri ni la utoto, wanaliacha lioze, kumbe lile halina lingine la kulifuata.

Sasa tufanye nini? Sisi wa mine tunajua jibu. Mufanyakazi mupya hatumutupi mu shimo siku ya kwanza. Tunamueleza, tunamuonyesha kaske, taa, njia ya kutokea, kisha anashuka pamoja na mwenye kuzoea. Munganga wa meno Harold Addelston, wa Marekani, aliandika mwaka 1959 njia kama hiyo kwa watoto: mwambie, muonyeshe, kisha fanya. Mutoto ashike kioo kidogo mu mukono. Wakubaliane kwamba akiinua mukono, munganga atasimama kidogo. Na sisi wazazi tusiseme uongo, «haitauma hata kidogo». Tuseme: «Utasikia kama kufinywa, nami niko hapa.»

Mutoto wetu wa mwisho tulimupeleka na miaka ine, asubuhi, amelala vizuri, amekula, haumwi kitu. Munganga alihesabu meno yake tu, akamwambia yako 20. Dada yake, aliyekuja kumusindikiza, akasema polepole: «Na mimi, anihesabie.» Alifungua kinywa mwenyewe.

Lakini kumupeleka mutoto mapema kunaomba franga, na hapa inafaa tujue haki yetu. Wazee wanakumbuka wakati Gécamines ilitunza mufanyakazi na familia yake mu lopitali zake. Mwaka 2003 na 2004, watu zaidi ya 10 000 walitoka kule kwa «départ volontaire», na matunzo ya watoto yakaisha pamoja na kazi. Wengi wetu tunafikiri ule wakati umekwisha kabisa. Hapana. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inalazimisha kila mwajiri kutunza mufanyakazi na familia yake mupaka mwisho wa kontra, na matunzo ya meno yameandikwa mule wazi, pamoja na upasuaji na dawa. Sheria haisemi malaria na uzazi tu.

Basi, ndugu, juma hili uliza delege wako mambo matatu. Watoto wangu wote wameandikwa ku karte ya matunzo? Boni ya munganga wa meno inatolewa wapi? Na ndugu zetu wa kampuni ndogo, wenye kufanya kazi pamoja nasi mu shimo moja, wanaipata kwa nani? Wakikuambia meno hayamo, waombe wakuonyeshe imeandikwa wapi.

Na leo jioni, mutoto akikuomba bomboni, mukatalie ao mupe. Lakini munganga usimutaje.