Mfuko wa tumboni si sababu ya kufukuza bibi



Leo katika ukurasa huu hatuzungumzi juu ya kofia ngumu wala viatu vya usalama. Tunazungumza juu ya neno ambalo watu wanaliuliza kwa sauti ndogo, wakiisha kwanza kufunga mlango wa chumba cha vidonda: "Munganga, mtu aliyefunguliwa tundu tumboni na kuvaa mfuko, anaweza kulala na bibi yake? Na mama wa namna hiyo akishika mimba, mtoto atapita wapi?"

Nimesikia maulizo hayo mara nyingi kuliko mnavyofikiri. Nitayajibu waziwazi. Wanaosoma gazeti mbele ya watoto wanisamehe.

Nianze na mama mmoja, bibi ya dereva wa kamyo kubwa ya karyeri. Yeye na bwana yake wamekubali niwasimulie habari yao, bila majina. Wakati wa mvua maji ya robine yalikatika siku nyingi, watu wakachota kisimani karibu na vyoo. Mama akashikwa na homa. Akanunua sokoni vidonge vya malaria, akameza, homa ikabaki. Juma la tatu tumbo likawa gumu kama ubao. Ilikuwa tifoide, nayo ilikuwa imekwisha kutoboa matumbo. Ugonjwa huu tunaujua sana katika nchi yetu: Kinshasa, tangu mwisho wa mwaka 2004 mpaka mwanzo wa 2005, zaidi ya watu 42.000 waliugua tifoide, 214 wakafa, na karibu 700 walipata maji machafu tumboni au matumbo kutoboka.

Mama alipasuliwa usiku uleule. Alipoamka alikuta upande wa kuume wa tumbo lake kuna kitu chekundu kama ndani ya mdomo, na juu yake mfuko.

Juma la kwanza bwana alikuja kila siku na chai na mkate. Siku ya kutoka hospitalini, mimi mwenyewe nilimfundisha mama namna ya kubadilisha mfuko. Bwana alikuwa nje, chini ya mti, anangoja. Sikumwita. Kosa hilo ni langu, na nyumba yao ndiyo iliyolipa.

Walipofika nyumbani bwana akahamisha godoro lake mpaka chumba cha wageni. Yeye alifikiri anampa bibi nafasi ya kupona. Bibi alifikiri ni harufu yake. Akaanza kula kidogo na kunywa kidogo, ili mfuko usijae. Baada ya mwezi mmoja ndugu za bwana walifika kutoka kijijini kuzungumza habari ya kumrudisha kwao, na juma hilohilo mama akaletwa kwetu, macho yameingia ndani, miguu inakazana, mkojo kidogo na mweusi. Tukamtia serumu. Kesho yake nikawaketisha wote wawili.

Bwana akasema: "Munganga, mimi simchukii. Naogopa nikimgusa kitu kitapasuka."

Mama akamtazama muda mrefu. "Ndiyo hiyo tu?" akasema. "Siku zote hizi, ndiyo hiyo tu?"

Basi haya ndiyo niliyowaambia, na ndiyo nilipaswa kuyasema chini ya ule mti.

Tundu lile, ambalo wanganga wanaliita stoma, ni kipande cha matumbo kilichotolewa nje na kushonwa juu ya ngozi. Kama ni la matumbo madogo, mara nyingi liko kuume, na kinachotoka ni maji maji yenye kuunguza ngozi. Kama ni la matumbo makubwa, mara nyingi liko kushoto, na kinachotoka kinafanana zaidi na choo cha kawaida. Wengine wanalipata kwa tifoide, wengine kwa matumbo yaliyojipinda, wengine kwa donda baya la njia ya haja, wengine kwa kubanwa na mawe au gari kazini. Halina maumivu likiguswa. Ukilipangusa, damu kidogo inaweza kutoka, si hatari. Halipasuki kwa kukumbatiana, wala kwa uzito wa mtu anayejua kujitegemeza kwa mikono yake. Ugonjwa wa mama yule haumwambukizi bwana kwa njia ya tundu, mradi mikono ioshwe kwa sabuni kama baada ya choo chochote.

Na haya si ya mama zetu peke yao. Katika Denmark, mwaka 1954, muuguzi mmoja, Elise Sørensen, alikuwa na mdogo wake aliyefunguliwa tundu kama hilo. Mdogo huyo aliogopa kutoka nje mbele ya watu. Elise akawaza mfuko wa kubandika juu ya ngozi, wa kuvaa na kutupa. Mifuko inayotufikia hapa, pale inapotufikia, ni wajukuu wa ule. Najua haitufikii vya kutosha, na wengi wanaishi kwa sashe, kitambaa na sparadra. Wale hasa wanahitaji pomadi ya zenki kwa kulinda ngozi, na waje kuiomba bila kungoja vidonda.

Kuhusu kitanda. Ngojeni kovu lifunge: kwa kawaida majuma sita mpaka nane, na munganga aliyepasua aseme ndiyo. Siku mnayotaka kukutana, mama ale mapema, aache maharagi na munkoyo zinazojaza hewa. Mbele ya kulala mfuko umwagwe, ubandikwe vizuri, kisha afunge kikwembe chepesi kiunoni juu yake. Wengine wanalala kwa ubavu, wengine mama anakuwa juu. Tafuteni wenyewe, si kazi ya gazeti. Na tundu lenyewe si mahali pa tendo la ndoa: kuingiza kitu humo ni kulijeruhi. Mfuko ukifunguka katikati, maji ya uvuguvugu na sabuni yawe karibu, tena msiache kucheka. Mambo mengi zaidi ya aibu kuliko hayo yanatokea katika nyumba zenye watoto wadogo.

Mwanaume naye ana ulizo lake, na huyu haulizi mchana. Kuna mzee wa kazi, fundi wa umeme, aliyenigongea mlango saa tatu za usiku kwa sababu hiyo. Nitasema hivi: kama munganga alifungua tundu tu, bila kuondoa sehemu ya mwisho ya matumbo, mishipa ya nguvu za kiume haikuguswa, kinachomzuia mara nyingi ni woga na uchovu. Kama sehemu ile iliondolewa kwa sababu ya donda baya, mishipa inaweza kuumizwa. Nguvu huenda zikarudi polepole, mara nyingine mpaka miaka miwili, na mara nyingine hazirudi zote. Dawa za hospitali za kusaidia zipo, lakini mwenye ugonjwa wa moyo asizimeze bila kupimwa. Mizizi iliyolowekwa ndani ya lutuku haishoni mishipa. Mama aliyeondolewa sehemu hiyohiyo anaweza kuona ukavu na maumivu wakati wa tendo. Aseme, asiumie kimya.

Mama wetu na bwana yake walirudiana. Godoro likarudi mahali pake. Lakini kuna jambo ambalo nyumba nyingi hazilijui, na wao pia walilijua wakiisha kuchelewa. Mama alikuwa anameza vidonge vya kuzuia mimba, vilevile kama mbele ya ugonjwa. Mtu mwenye tundu la matumbo madogo, hasa aliyekatwa sehemu kubwa ya matumbo, au siku ambazo mfuko unajaa maji bila kukoma, kidonge kinaweza kupita haraka bila mwili kukichukua. Wengine wanakiona kizima ndani ya mfuko. Kwa watu hao sindano, kijiti cha mkononi, kitanzi cha mji wa mimba au kapoti ni njia za kuaminika zaidi, kwa maana hazipiti matumboni. Kapoti inazuia na ukimwi.

Munganga wa upasuaji alikuwa amepanga kulifunga tundu, kwa maana tundu la tifoide mara nyingi ni la muda tu. Inatokea watu wanavunja ndoa kwa ajili ya kitu ambacho baada ya miezi michache hakitakuwapo! Lakini mama alikuwa amekonda, damu kidogo, akaambiwa angoje apate nguvu. Kabla hajazipata, mimba ikaingia. Kufunga kukaahirishwa mpaka baada ya kuzaa.

Mama mkwe alilia. Alisema mtoto atazaliwa kwa tundu, au choo kitamharibu. Nikamchorea chini kwa kijiti: huu mji wa mimba, haya matumbo. Ni nyumba mbili, ukuta kati yao. Mtoto ana njia yake. Mama mwenye mfuko anaweza kushika mimba, kuibeba na kuzaa kwa njia ya kawaida. Sezarieni inafanywa kwa sababu zilezile za mama wengine, na zaidi kidogo kwa wale waliopasuliwa sana upande wa chini. Afadhali angengoja mwaka mmoja baada ya operesheni, mwili ujirudie. Lakini mimba ikiisha kuingia, kazi ni kuilinda.

Kuilinda namna gani? Kwanza maji na chumvi. Mwenye tundu la matumbo madogo anapoteza vyote viwili kila siku, na kutapika kwa miezi ya kwanza kunaongeza. Maji matupu mengi hayatoshi. Yanaweza hata kuvuta chumvi zaidi nje. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimepimwa sawasawa bila kulundika: anywe kidogo kidogo mchana kutwa. Bukari ni rafiki, inakaza kinachotoka. Mahindi ya kuchoma, karanga, uyoga, nyuzi za muwa na vijiti vya sombe vinaweza kuziba. Atafune sana au aviache. Vidonge vya kuongeza damu vitageuza choo kuwa cheusi, asishtuke.

Pili, tumbo linapokua, tundu nalo linapanuka na kubadilika sura, hata kusogea. Mfuko uliokatwa kwa kipimo cha mwezi wa pili utabana mwezi wa sita. Lazima kupima upya kila mwezi na kukata mdomo wa mfuko uzidi tundu kwa milimita mbili tatu tu. Baadaye mama halioni tena tundu lake kwa sababu ya tumbo: hapo anahitaji kioo, au bwana. Dereva wetu alichukua kazi hiyo. Alikata karatoni ya pakiti ya sigara, akachora duara kila mwisho wa mwezi na kuandika tarehe pembeni, kama wanavyofanya kwa matairi.

Tatu ndiyo hatari yenyewe. Mwezi wa saba, siku moja, mfuko ulibaki mtupu tangu asubuhi. Saa kumi tumbo likaanza kukata na kuachia, mama akatapika. Wakubwa wa nyumba wakaleta mpira wa kusukumia dawa ya mizizi nyuma, kama desturi yetu tukiona tumbo limefunga. Bwana alikuwa ametoka kazi ya asubuhi, bado na vumbi la karyeri. Akauliza neno moja tu: "Mfuko una kitu?" Walipomwambia hauna, aliutupa ule mpira nje, akakimbia kuita gari la wagonjwa.

Alifanya vizuri sana. Mji wa mimba unaokua unaweza kuyavuta na kuyabana matumbo yaliyoshikana kwa makovu. Mfuko mtupu kwa saa nyingi, maumivu ya kukata, kutapika: hayo matatu pamoja ni hospitali mara moja, usiku au mchana. Si dawa ya kuharisha, si mpira wa nyuma, si kungoja kuche. Mama alitiwa mpira mwembamba puani kwa kutoa maji ya tumbo, na serumu. Siku ya pili mfuko ukaanza kujaa. Sijapata kuona mtu anafurahia choo cha mwenzake namna ile. Bila hivyo angepasuliwa tena, na mimba ile ingekuwa mashakani.

Alizaa kwa njia ya kawaida, mtoto mwanamke wa kilo 2 na gramu 900. Ilipofika saa ya kusukuma, mkunga aliweka mfuko mpya, akaendelea na kazi yake kama kwa mama yeyote. Akanyonyesha, na kwa sababu maziwa yanahitaji maji, ile lita ya chumvi na sukari ikaongezwa. Baada ya miezi, damu imerudi, tundu lilifungwa. Limebaki kovu upande wa kuume.

Tangu hapo, katika dispanseri yetu, hakuna mgonjwa wa mfuko anayetoka bila mwenzake wa nyumbani kufundishwa naye, mikono yake mwenyewe ikibandika. Wenye mfuko ambao hatukuwafundisha hivyo zamani, njooni wawili wawili. Wale wa kazi ya usiku waje saa ya kutoka kazini, hakuna haja ya kupanga mstari, semeni tu "chumba cha vidonda".

Juma lililopita dereva alipita hapo kunisalimia. Alikuwa na ile karatoni mfukoni, duara sita na tarehe zake. Alisema bibi ya mwenzake mmoja wa karyeri ametoka hospitalini na mfuko, na huyo mwenzake ameanza kulala chumba cha wageni. Aliniomba kalamu, akageuza karatoni upande wa nyuma, ambao bado ulikuwa mweupe, akaenda nayo.