Unanunua pikipiki iliyotumika? Anza na kadi

Baada ya mavuno, pikipiki nyingi zilizotumika huuzwa vijijini. Imeoshwa, inang'aa, na muuzaji ana haraka. Msikilizaji, usiikimbilie injini. Injini mbovu hutengenezwa; pikipiki isiyo ya muuzaji haina fundi.

Nchini Tanzania, bodaboda wengi huendesha kwa mkataba. Dereva humpelekea tajiri hesabu kila siku au kila wiki, na deni likiisha ndipo hukabidhiwa pikipiki na kadi yake. Kabla ya hapo chombo si chake. Ukimlipa dereva huyo, siku mwenyewe akijitokeza unaweza kubaki huna pikipiki wala fedha.

Kagua karatasi

Omba kadi halisi ya usajili, si nakala wala picha ya kwenye simu. Jina lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Kisha soma namba ya chesisi, ambayo kwa kawaida imegongwa kwenye shingo ya fremu karibu na usukani, na namba ya injini ubavuni mwa injini. Zilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Ukikuta zimekwaruzwa au zimefunikwa na rangi nene, achana nayo.

Kagua chombo

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Sogeza kiganja karibu na injini: ikiwa ya moto, huenda ameipasha ili kuficha kwamba asubuhi inasumbua kuwaka. Moshi wa bluu maana yake inaunguza oili, na matengenezo yake ni ghali. Moshi mweusi huonyesha petroli inazidi. Mara nyingi shida ni kabureta au chujio la hewa, na hiyo ni nafuu.

Tafuta alama za kuchomelewa kwenye fremu, hasa shingoni na chini ya tangi. Mita ya kilomita usiiamini peke yake, kwa kuwa waya wake huchomolewa. Raba za kukanyagia zilizolika husema zaidi.

Kamilisha malipo

Andikianeni mkataba wa mauziano mbele ya mashahidi, kisha mfuatilie pamoja TRA kubadilisha umiliki. Mkikubaliana, bakiza sehemu ya fedha hadi kadi itoke kwa jina lako.