Maradhi ya Parkinson: Mdundo Unapoisaidia Miguu

Kupanda daladala huko Mbagala, au kuvuka mtaro wa maji kwa ubao mwembamba huko Tandale, ni jambo jepesi kwa kijana wa shule. Hata hivyo ubongo hufanya kazi kubwa ili mwili usianguke. Macho huupasha habari za mahali ulipo mwili. Sikio la ndani huueleza kuinama na kuzunguka kwa kichwa. Nyayo, misuli na viungo huujulisha uzito umeegemea wapi. Mwanafunzi anaweza kuyathibitisha hayo darasani: asimame kwa mguu mmoja, kisha afumbe macho. Ataanza kuyumba upesi, maana mjumbe mmoja kati ya watatu amenyamaza.

Wapo watu ambao macho, masikio na nyayo zao ni nzima, lakini ile sehemu ya ubongo iziamuruyo hatua zifuatane ndiyo iliyodhoofika. Hao ni wagonjwa wa maradhi yaliyoelezwa na tabibu James Parkinson wa London mwaka 1817. Ndani ya ubongo mna seli zitengenezazo kemikali iitwayo dopamini, ambayo bila hiyo mwendo hauanzi wala hauendelei kwa wepesi. Seli hizo zinapokufa, mkono huweza kutetemeka hali umetulia, misuli hukakamaa, hatua hufupika, na wakati mwingine miguu hunata chini, hasa mlangoni au mtu anapogeuka. Maradhi yakikomaa, msukumo mdogo tu hutosha kumwangusha mgonjwa.

Dawa iitwayo levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, ilianza kutumiwa katika miaka ya 1960. (Mbegu za upupu, mmea uleule uwashao, nazo zina levodopa, lakini kiasi chake hubadilika mbegu hadi mbegu, kwa hiyo si dawa ya kujitengenezea nyumbani.) Levodopa hulegeza ukakamavu na kuharakisha mwendo, ila haisaidii sana katika kurudisha usawa wa mwili. Tena kwa wananchi wengi wa Afrika bei yake na upatikanaji wake ni kikwazo. Ndiyo maana utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujitegemea kwa mazoezi, una umuhimu wa pekee.

Mwaka 1967 daktari Mwingereza James Purdon Martin alieleza jambo la kustaajabisha. Mgonjwa aliyeshindwa kutembea vizuri kwenye sakafu tupu aliweza kupiga hatua ndefu pale mistari ilipochorwa kukingama njia yake. Mistari iliyochorwa kufuata urefu wa njia haikumfaa. Mdundo unaosikika, kama mlio wa saa, nao ulionekana baadaye kuwa na nguvu kama hiyo. Yamkini jicho au sikio huuazima mwendo njia nyingine ndani ya ubongo, badala ya ile iliyoharibika.

Swali likabaki: je, mdundo hufanya kazi peke yake, au huisaidia tu dawa? Huko Ulaya lilikuwa gumu kujibiwa, kwa kuwa wagonjwa waliopimwa walikuwa tayari wakitumia dawa. Jibu lilitafutwa Tanzania.

Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, Catherine Dotchin, Richard Walker na wenzao wa Tanzania waliwatafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha wagonjwa 33 kati ya watu 161,071. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Wengine waliishi nao wakiudhani ni uzee. Gerry Mshana na wenzake walizichunguza fikra hizo, na mwaka 2011 wakachapisha habari za maradhi ambayo wenyeji waliyaita ya kutetemeka.

Watu hao ambao hawajawahi kutibiwa ndio waliofanyishwa mazoezi ya mdundo katika uchunguzi ulioongozwa na Lynn Rochester, mtaalamu wa tiba ya viungo, na kuchapishwa mwaka 2010. Waliongeza kasi ya mwendo na urefu wa hatua, hata walipopewa kazi nyingine ya kufanya huku wakitembea. Mdundo, basi, ulifanya kazi bila dawa. Wagonjwa wa Hai waliotambuliwa walianzishiwa pia matibabu ya dawa.

Kwa familia ya Temeke au Kinondoni, habari hii ina manufaa ya mara moja. Chaki na baraza ya saruji vyatosha kuchorea mistari, kwa nafasi itakayopimwa na mtaalamu kulingana na hatua ya mgonjwa. Penye mchanga, ambapo mistari haikai, kupiga makofi au kuhesabu “moja, mbili” hufaa zaidi. Mdundo hauyaponyi maradhi, na mtu wa kumshika mgonjwa hapana budi awepo, kwani anguko moja huweza kuvunja nyonga. Kugeuka ndiko kugumu kuliko kwenda mbele; mgonjwa hufundishwa asizunguke kwa kisigino bali apite duara pana, kama basi linapogeuza kituoni, huku anayemwongoza akiendelea kuhesabu.