Santuri adimu za soul: Kwa nini kipande cha plastiki huuzwa kwa bei ya nyumba

MWAKA 2009 santuri moja ndogo, yenye upana wa inchi saba, iliuzwa nchini Uingereza kwa pauni 25,742. Mwaka 2020 ikaripotiwa kuwa nakala ya wimbo huo huo imeuzwa kwa pauni 100,000. Kwa fedha hizo mtu anajenga nyumba nzuri Kibaha au Kitengela, na chenji inabaki.

Wimbo wenyewe unaitwa "Do I Love You (Indeed I Do)", na mwimbaji ni Frank Wilson. Ulirekodiwa mwaka 1965 na kampuni ya Motown, ile iliyoanzishwa na Berry Gordy mjini Detroit, Marekani, mwaka 1959. Wilson alikuwa mtayarishaji wa muziki wa kampuni hiyo upande wa Los Angeles. Nakala chache za majaribio zilichapwa kwa ajili ya watangazaji wa redio, kisha mpango mzima ukafutwa na nakala hizo zikaharibiwa. Inasimuliwa kwamba Gordy alimtaka achague kati ya kuimba na kutayarisha muziki wa wengine, naye akachagua kutayarisha. Miaka ya baadaye alishiriki kutunga na kutayarisha "Keep On Truckin'" ya Eddie Kendricks, iliyovuma mwaka 1973.

Kwa miaka mingi watafutaji walijua nakala mbili tu zilizosalimika. Huo ndio msingi wa bei ile.

Lakini uchache peke yake hautoshi. Ziko santuri nyingi duniani zilizobaki nakala mbili na hakuna anayezitaka hata kwa bure. Ili kitu kiwe ghali ni lazima pawepo watu wanaokililia, na watu hao wa kulilia soul walipatikana mahali ambapo mtu asingepategemea: miji ya viwanda na migodi ya kaskazini mwa Uingereza.

Kuanzia miaka ya 1960, vijana wafanyakazi wa huko waliupenda muziki wa Wamarekani weusi wenye mdundo wa haraka, na hawakuuacha hata pale wanamuziki wenyewe Marekani walipogeukia mtindo mwingine. Walicheza katika kumbi kama Twisted Wheel ya Manchester, Golden Torch ya Stoke-on-Trent na Blackpool Mecca. Mwaka 1970 mwandishi Dave Godin, aliyekuwa na duka la santuri jijini London, aliupa mtindo huo jina la "Northern Soul", yaani soul ya kaskazini. Jina likaganda hadi leo.

Ukumbi uliovuma kuliko yote ni Wigan Casino, uliofungua milango ya mikesha ya soul mwezi Septemba 1973. Vijana walicheza kuanzia usiku wa manane hadi saa mbili asubuhi, bila pombe kuuzwa. Kila mkesha ulifungwa kwa nyimbo tatu zile zile, za Jimmy Radcliffe, Tobi Legend na Dean Parrish, kiasi kwamba aliyezisikia alijua ni wakati wa kutafuta viatu vyake. Ukumbi ulifungwa mwezi Desemba 1981, na wimbo uliohitimisha usiku ule wa mwisho ulikuwa ni huo wa Frank Wilson.

Katika kumbi hizo mpiga santuri aliheshimiwa kwa kile alichonacho ambacho mwenzake hana. Kwa hiyo wafanyabiashara walivuka bahari kwenda Marekani, wakapekua maghala yaliyojaa santuri zilizokataa kuuzwa, wakarudi nazo kwa maelfu. Nyingi zilitoka kwa kampuni ndogo za Detroit, Chicago na Los Angeles ambazo zilichapa nakala mia kadhaa, zikakosa fedha za kutangaza, zikafa. Mpiga santuri akipata wimbo mzuri alifunika lebo kwa karatasi na kuutangaza kwa jina la uongo ili washindani wasiutafute. Huyo Frank Wilson mwenyewe alichezwa mwanzoni kwa jina la Eddie Foster.

Hapa pana jambo ambalo wakusanyaji hawapendi kulizungumza. Katika fedha hizi zote, mwimbaji hapati hata senti. Santuri ikishauzwa mara ya kwanza, mauzo yanayofuata ni baina ya muuzaji na mnunuzi tu. Wapo waimbaji waliozeeka bila kujua kwamba ng'ambo kuna watu wanaowajua kwa sauti. Gloria Jones alitoa "Tainted Love" mwaka 1965 na haukwenda popote; ulifufuliwa katika kumbi za kaskazini mwa Uingereza, na mwaka 1981 vijana wawili wa kundi la Soft Cell wakaurudia na kushika namba moja nchini humo.

SANDUKU LA BABA

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu, kwa sababu soul ilifika huku mapema sana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Dar es Salaam waliicheza kiasi cha kuwakera wakubwa, na mwezi Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani ukatangaza kuupiga marufuku muziki huo. Kitu hakipigwi marufuku kama hakipo. Baadhi ya santuri hizo bado zimo majumbani, ndani ya masanduku yaliyosahaulika, na kila msiba unapotokea ndugu hujikuta wanajadili la kufanya na vyombo vya marehemu.

Wasikimbilie kuota utajiri. Santuri za nyimbo zilizovuma, kwa mfano za Marvin Gaye, The Supremes au Otis Redding, zilichapwa kwa wingi mno, na nyingi huuzwa kwa bei ya soda chache. Umri si hoja. Angalia kwanza jina usilolijua kwenye lebo usiyoijua, na hasa santuri ndogo zizungukazo mara 45 kwa dakika. Soul adimu iko zaidi kwenye hizo ndogo kuliko kwenye albamu. Nyingine huwa na lebo nyeupe na maandishi kwamba si ya kuuzwa. Hizo ni nakala za redio, na mara nyingi hutangulia kwa thamani.

Jihadhari na za kughushi. Mafanikio ya Northern Soul yalizaa wachapaji haramu tangu miaka ya 1970, na baadhi ya kazi zao zina umri wa kutosha kumlaghai mtu. Dawa ni kutazama sehemu laini iliyo kati ya mwisho wa muziki na lebo. Pale huwa pamechorwa au kugongwa namba na alama za kiwanda. Linganisha namba hizo na za nakala inayojulikana kuwa halisi. Lebo inaweza kuigwa na mchapaji yeyote, lakini alama za kiwanda humshinda mwigaji wa kawaida.

ADUI NI JOTO

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuacha santuri sita kwenye kiti cha nyuma cha gari, Dar es Salaam, saa saba mchana, akaingia mahali kwa kile alichodhani ni dakika kumi. Aliporudi zilikuwa zimekunjamana kama chapati. Moja ilikuwa ya kuazima. Mwenye nayo hajasahau.

Sababu ni kwamba santuri za tangu miaka ya 1950 ni plastiki ya vinaili, ambayo huanza kulainika joto linapofika nyuzi 70 hivi. Gari lililofungwa juani huikaribia hali hiyo, na dirishani jua hufanya kazi yake taratibu zaidi lakini kwa uhakika ule ule. Uzito nao huchangia: santuri zikilundikwa moja juu ya nyingine, za chini hupinda hata kama hakuna joto kali. Zisimamishe wima kama vitabu, zibanane kiasi cha kutoegemea upande mmoja, na zikae mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Chumba cha nyuzi 20 na hewa kavu ndicho kinachopendekezwa na maktaba kubwa. Anayeishi Mombasa au Tanga atafanya awezalo.

Kinachoumiza pwani zaidi ni unyevu. Ukungu hula karatasi ya jalada kwanza, kisha hutua juu ya santuri kama madoa meupe, na mlio wake kwenye sindano ni kama mahindi yanayokaangwa. Mara nyingi santuri yenyewe hupona ikisafishwa, ila jalada halirudi. Tenga iliyoshikwa ili isiambukize nyingine. Usihifadhi kwenye mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali kama ya pazia la bafuni, kwani hutoa kemikali zinazoacha ukungu wa kudumu juu ya vinaili. Karatasi safi au mfuko wa politini hutosha.

Kusafisha kuna mtego. Si kila santuri ni vinaili. Zile nzito za zamani, zizungukazo mara 78 na kuvunjika kama sahani, zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotokana na wadudu. Spiriti huiyeyusha. Nyingine, na hili wengi hawalijui, ni za polistairini. Viwanda kadhaa vya Marekani viliitumia kwa santuri ndogo kwa kuwa ilikuwa rahisi, na soul nyingi adimu imo humo. Ukiigonga kwa ukucha hutoa mlio mkavu na mwembamba, ni ngumu haikunjiki, na mara nyingi lebo yake imebandikwa kwa gundi badala ya kukandamizwa pamoja. Hiyo nayo isiguswe na spiriti.

Kwa hiyo salama ya wote ni maji yaliyochujwa madini, yale ya kuongeza kwenye betri ya gari. Uliza mara mbili, maana vibanda vingine huuza asidi katika chupa inayofanana. Tia tone la sabuni ya maji, pitisha kitambaa laini kisichotoa nyuzi kwa kuufuata mzunguko wa mifereji, wala si kukatisha, kisha suuza kwa maji yale yale na uache ikauke ikiwa imesimama. Lebo isilowe. Maji ya bomba huacha chumvi mferejini, na kanga kuukuu, pamoja na heshima zake, huacha nyuzi.

Halafu sindano. Ya almasi hudumu kati ya saa 500 na 1,000 za muziki. Ikipita hapo inachimba badala ya kusoma. Mkono wa gramafoni wenye uzito wa gramu mbili hivi unatosha mashine nyingi. Wako wanaoweka sarafu juu yake ili isiruke, na kwa tabia hiyo wameharibu muziki mwingi. Polistairini ndiyo inayoumia haraka kuliko zote: kuirudisha nyuma na mbele kwa kidole, kama wafanyavyo wapiga santuri wanapotafuta mwanzo wa wimbo, huacha mkwaruzo wa kudumu katika sekunde za kwanza.

NAKALA YA MWISHO

Yupo atakayesema huu wote ni usumbufu, kwani nyimbo zimo kwenye simu. Baadhi zimo. Juni 1, 2008 moto uliteketeza ghala katika eneo la studio za Universal, Hollywood, na mwaka 2019 gazeti la New York Times liliripoti kwamba tepu za asili za wasanii wengi, soul ikiwamo, ziliungua humo. Kampuni ilibisha juu ya ukubwa wa hasara, ikikiri kwamba hasara ilikuwepo. Kampuni ndogo za Detroit hazikuwa hata na ghala la kuungua. Tepu zao zilitupwa, zilifutwa ili zitumike tena, au zilipotea pamoja na wenyewe. Kwa nyimbo za namna hiyo, santuri iliyokwaruzwa ndiyo kumbukumbu pekee ya sauti.

Ndiyo maana kabla ya kuuza, kugawa au kutupa, inafaa kuunganisha gramafoni na kompyuta na kuinakili kila santuri kama ilivyo, bila kuondoa mikwaruzo, pamoja na picha ya lebo pande zote mbili na namba zile za kiwanda. Sanduku la santuri 40 ndogo hunakiliwa kwa mwisho wa juma mmoja. Anza na zile ambazo hakuna mtu nyumbani anayelijua jina la mwimbaji.