Wakulima 15 waliopigania mbegu zao kortini

Vijana, ile sheria ya mbegu mnaikumbuka? Kubadilishana au kuuziana mbegu ambayo haijaidhinishwa kungeweza kukupeleka jela hadi miaka 2, au faini ya shilingi milioni 1. Kwa kunde alizokuachia nyanyako! Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 wakapeleka kesi Mahakama Kuu ya Machakos. Walingoja hadi Novemba 2025 ndipo vipengele hivyo vikatangazwa kukiuka Katiba.

Lakini msikimbilie kuweka mahindi ya haibridi ya msimu uliopita. Ukiyapanda tena mavuno yanashuka. Hayo nunua dukani, ukague stika ya KEPHIS. Kunde, mtama na wimbi wa kienyeji, chagulia mbegu shambani kwenye mimea yenye afya, kausha vizuri, funga kwenye mtungi usioingiza hewa. Jirani akija kuomba, mpimie.