Kamusi pekee haikufungulii insha ngumu ya Kiingereza

Yapo malalamishi ambayo sisi walimu wa lugha huyasikia kila muhula: "Profesa, insha hii ina Kiingereza kigumu mno." Aghalabu mwanafunzi huwa ametoa simu, akasaka kila neno asilolijua na kujaza fasili kwenye pambizo za ukurasa wa kwanza. Afikapo ukurasa wa tatu amechoka, na ukimwuliza mwandishi anasema nini, hana jibu. Maneno anayo tele, lakini hoja wapi!

Hebu tutumie mfano wa insha ya George Orwell, 'Politics and the English Language', iliyochapishwa mwaka 1946. Orwell, aliyewahi kuwa afisa wa polisi wa kikoloni nchini Burma, anakisuta Kiingereza kilichovimbishwa kwa maneno makubwa yenye asili ya Kilatini na Kigiriki. Kinaya ni kwamba huwezi kuifuata hoja yake vyema bila kuyafahamu baadhi ya maneno yayo hayo anayoyasuta. Basi msomaji afanyeje?

Kwanza, isome insha yote hadi mwisho bila kufungua kamusi. Yapigie mstari maneno yanayokutatiza, kisha uendelee. Katika usomaji wa pili, jiulize: nikiliruka neno hili, hoja itaporomoka? Orwell anapoorodhesha maneno anayoona hayahitajiki, si lazima ulijue kila moja ili uelewe lalamiko lake. Lakini maneno yanayojirudia, na yale yaliyomo katika sentensi inayobeba dai la aya, hayo hayarukwi.

Pili, tafuta mzizi. Mtumiaji wa Kiswahili si mgeni katika jambo hili. Tazama kitabu, katibu, katiba, maktaba na mkataba. Yote yana mzizi mmoja wa Kiarabu, k-t-b, unaohusu kuandika. Kiingereza nacho kilitwaa mzizi wa Kilatini wenye maana iyo hiyo, kikapata 'describe', 'prescribe', 'scripture' na 'manuscript'. Katika orodha ya Orwell limo neno 'subaqueous'. Linatisha, sivyo? Ligawe: 'sub' ni chini, kama katika 'submarine', sehemu inayofuata inatokana na 'aqua', yaani maji, kama katika 'aquarium'. Chini ya maji, basi!

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, usiuamini mzizi wala kamusi kabla ya kuangalia muktadha. Chukua neno 'pacification'. Mzizi wake ni amani, na kamusi itakwambia ni kutuliza au kuleta amani. Anayekomea hapo ataelewa kinyume kabisa cha anachosema Orwell. Yeye anaonyesha jinsi neno hilo linavyotumiwa kuyapa jina zuri mabomu yanayoangushiwa vijiji visivyo na ulinzi, wakazi wakifurushwa na mifugo ikimiminiwa risasi. Ni ile tafsida tunayoifundisha shuleni, ila hapa haistiri adabu, inaficha damu.

Kwetu Kenya neno hilo halikuishia vitabuni. Maafisa wa utawala wa Uingereza walilitumia kuelezea kampeni za kijeshi za kuzitiisha jamii zilizowapinga mwanzoni mwa karne ya 20. Miongoni mwazo walikuwa Wanandi, ambao kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa mwaka 1905. Mwanafunzi anayesoma kumbukumbu za enzi hiyo na kutafsiri tu 'kuleta amani' atakuwa amemsaidia mkoloni kusimulia hadithi yake.

Kwa hivyo, uwe na daftari. Kwa kila neno zito, andika sentensi nzima ulimolikuta, onyesha mzizi wake, kisha ulieleze kwa Kiswahili chako mwenyewe badala ya kunakili fasili. Maneno matano au sita kwa kila insha yatosha, mradi uyarejelee na kuyatumia katika maandishi yako. Mwishowe ifunge insha, uandike hoja ya mwandishi kwa sentensi tatu. Ukikwama, usikimbilie kamusi nyingine. Irudie ile aya iliyokushinda, uisome tena polepole.