Kindu: Nyama ya pori ya Kasuku ni chakula cha chui

Nyama ya pori inayoliwa katika komini ya Kasuku, mjini Kindu, mara nyingi hutoka misitu ya upande wa Lomami. Chui naye anategemea wanyama haohao: mboloko, nguruwe wa pori, kima. Wakiisha, anahama ao anakufa bila kupigwa risasi.

Hifadhi ya taifa ya Lomami, kati ya Maniema na Tshopo, iliundwa mwaka 2016. Inasimamiwa na ICCN. Zamani huko Pangi, meno ya chui yalivaliwa na wakubwa wa Bwami tu, si kila mtu. Leo timu ya taifa inaitwa Léopards, lakini wengi mjini hawajamuona chui hata siku moja.

Waya wa mtego hauchagui: umetegewa mboloko, unakamata hata mguu wa chui.